Nguzo ya Arobaini na Moja

Kati ya saa mbili, nikishawashusha watoto shuleni,
na saa saba, nikirudi kuwachukua,
basi ni langu peke yangu.
Naliegesha kando ya tuta, pale mto Biebrza umelala
kifudifudi chini ya barafu,
nazima injini, nashusha kioo nusu,
nailaza lenzi juu ya soksi iliyojaa mchele.
Betri nimeikumbatia kwapani kama yai.
Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.
Pumzi inaganda kwenye kola, inaniotesha ndevu.

Alifika Desemba, shakivale wa kaskazini ya mbali,
miguu imevikwa manyoya hadi vidoleni,
kifua kama kimemwagikiwa kahawa.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
huyu tulimpa nguzo ya umeme,
ya arobaini na moja kutoka darajani,
naye akalilima kwa macho shamba zima la theluji,
akitafuta panya mmoja.

Ziemowit, wa darasa la pili, kiti cha nyuma yangu,
ana daftari.
"Leo, Bi Ludmiła, umemkaribia hatua ngapi?"
Jumatatu mia moja na ishirini. Alhamisi themanini.
Wiki iliyofuata arobaini, na ndege bado katulia tuli,
nikahesabu michirizi ya kila unyoya,
nikaona chembe ya theluji ikiyeyuka mdomoni mwake.
"Amekuzoea," mtoto akasema, akaandika.
Nami nikavimba kichwa. Mwezi mzima nilivimba kichwa.

Ni Narcyz, mlinzi wa hifadhi, aliyeziangalia picha,
akaifikia ile bora kuliko zote, ile ya karibu,
akanyamaza, akakuna shingo.
"Unauona mfupa wa kifua ulivyochongoka?
Ndege mzima angeruka ungali mbali.
Huyu kila akiruka anatumia mlo ambao hajaupata."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.
Mimi nilikuwa na chupa ya supu ya biti, mkate, kitunguu,
nikaiita njaa urafiki.

Tangu siku hiyo naegesha darajani.
Kwenye picha za Februari kuna nguzo,
kuna anga rangi ya sufuria,
na juu ya nguzo kitone, kama nzi ukutani.
Ziemowit hakupenda. Alinuna hadi kwao.
Kesho yake akaja na daftari, kaongeza safu mpya:
hatua za kumwacha.
Mia tatu. Mia tatu na kumi, maana basi liliteleza.

Machi barafu ilipasuka usiku, kwa mlio wa mlango.
Nguzo tupu.
Kaenda kwao, au kaenda tu, sijui.
Chini yake nilitafuta, sikuona unyoya,
na sikutafuta sana.
"Niandike nini?" mtoto akauliza.
Nikamwambia afunge mkanda.