Mdhamini

Januari, usiku wa tatu, stima imebaki yuniti nne,
niliandika programu ya kunitafutia kazi.
Nilikuwa nimechoka kujieleza.
Jina la kwanza. Jina la ukoo. Pakia wasifukazi.
Kisha, ukishaupakia, fomu inakuomba
uandike upya, sanduku kwa sanduku,
yale yale uliyopakia,
kama karani wa chifu aliyeshika kitambulisho chako mkononi
na bado anakuuliza unaitwa nani.

Naitwa Nzioki.
Miaka mitano ya kuunda mifumo ya malipo,
miezi saba ya kutolipwa.
Fomu moja ilinila dakika arobaini.
Bandu bandu huisha gogo, ndiyo,
ila gogo langu lilichipua kila nilipopumua.

Basi nikaifundisha mashine jina langu.
Nikaifundisha shule, chuo, mwaka, nambari za simu,
na namna ya kusema "nina ari ya kujiunga na timu yenu"
bila kujali timu ni ya nani.
Saa sita usiku nikabonyeza,
nikakaa kitandani, chumba changu cha Zimmerman,
kutazama mistari ikishuka:
imetumwa, imetumwa, imetumwa,
mtama unaomwagika guniani.
Kulipokucha, mia mbili na kumi na sita.
Nikacheka peke yangu,
nikanywa chai ya rangi isiyo na sukari, kinywaji cha washindi.

Majibu ya kwanza yalifika kabla kikombe hakijapoa.
"Tumeusoma wasifu wako kwa makini."
Kwa sekunde nne.
Mashine yangu ilikuwa imebisha hodi,
mashine yao ikaitikia: hatupo.
Mwenye njaa alikuwa mimi tu.

Jumatano, nambari nisiyoijua.
"Wewe ndiye Nzioki?"
Sauti ya mwanamke; nyuma yake cherehani
inakimbia, inasimama, inakimbia.
"Nimekudhamini mara tisa tangu juzi.
Nataka kujua nimemdhamini nani."

Bwana Ogutu, bosi wangu wa zamani,
alihamia Kigali; laini yake ikalala,
kampuni ya simu ikaiuza upya,
ikamwangukia Kemunto, fundi wa sare za shule, Kariobangi.
Mimi sikuangalia.
Mashine haiangalii. Hujaza.

"Mmoja aliniuliza, anastahimili shinikizo?
Nikamwambia sijawahi kumsikia akilalamika.
Mwingine, udhaifu wake ni upi?
Nikamwambia, hajui kupiga hodi."

Nikaomba radhi. Nilimsikia akikata uzi kwa meno.

"Nina mwanangu, naye anatafuta.
Ningesema sikujui, ningekuwa nimekufungia mlango
kwa mkono ambao kesho utamfungia yeye.
Lakini hii ni Januari, kijana. Nina sare mia moja na arobaini,
na simu ikilia mkono unashtuka, pindo linakwenda kombo.
Usinitoe humo. Ila waambie wapige saa saba, nikiwa nakula.
Na uzitume polepole."

Usiku huo nikaifungua tena programu.
Kati ya ombi na ombi nikaweka: subiri.
Nilianza na dakika moja, nikaona ni dharau,
nikaweka muda wa kushona kola mbili,
nikikisia, maana sijui kola hushonwa kwa muda gani.
Nikalifuta jina la Ogutu.
Nikaandika: Kemunto. Kazi: fundi. Apigiwe saa saba mchana.

Fomu ya kwanza ikakwama.
Kulikuwa na sanduku moja nyuma yake,
lenye nyota nyekundu, lazima lijazwe:
Uhusiano wako na mdhamini.

Mashine haikuwa nalo jibu,
ikanirudishia mimi.
Niliandika "mwajiri wa zamani", nikafuta.
Niliandika "jamaa". Nikafuta.
Kishale kikawa kinapepesa, kinapepesa,
hadi mita ya stima ikaanza kulia.