Wazima Mia na Ishirini

Nje, nyuzi thelathini na tatu chini ya sifuri,
moshi wa makaa umeulalia mji wa Ulaanbaatar.
Ndani, orofa ya tatu, nachemsha maji:
sayansi yetu huanza na beseni.

Mshipa wa fahamu ukipoa husema polepole.
Usipouosha mguu kwa maji ya vuguvugu
hadi ngozi ifike nyuzi thelathini na mbili,
utamwandikia mtu mzima ugonjwa
usio wake, ni wa njia aliyopita.

Miaka mingi tuliisoma miguu yetu
kwa jedwali la watu wengine,
warefu kutushinda, waliopimwa mahali pasipo theluji.
Nguo ya kuazima haisitiri matako.
Daktari Enkhtuya akachoka kuwatibu wasioumwa.
Akagonga meza: "Tutafute wetu.
Mia na ishirini, wasiosumbuliwa na kitu."

Wazima ni adimu.
Mgonjwa hupanga foleni, mzima ana shughuli zake.

Wakaja kidogo kidogo.
Gantulga mpiga mieleka, shavu la mguu kama gunia,
mafuta yakalimeza wimbi nusu.
Khulan wa posta, acheka kila umeme ukimgusa:
"Tena! Kama kuku ananidonoa!"
Mapacha wa chuo cha reli, tofauti yao
mita mbili kwa sekunde,
wakatoka wakibishana nani mkubwa.

Napima kwa utepe, sentimita kumi na nne
kutoka kifundo kupanda nyuma ya mguu,
natia alama kwa kalamu nyekundu.
Wino huo hukaa siku tatu. Wake zao huuliza.

Dereva Dorjpalam alifuata joto la chumba.
"Mimi chuma," alisema, na nilimwamini.
Wimbi lake likaja limechelewa, fupi,
mguu wa kulia, kisha wa kushoto,
kama mashahidi wawili waliofundishwa neno moja.
Nikamtuma akapimwe sukari.
Nikalikata jina lake daftarini, mstari mmoja.
Naye, akifunga viatu:
"Kwa hiyo mimi sihesabiwi?"
Nikasema unahesabiwa, ila kwingine.
Sikuipenda sauti yangu.

Wa mwisho alikuwa Dulamjav, miaka themanini na minne.
Nikaosha. Nikapasha. Nikabandua, nikabandika upya.
Nikaongeza umeme hadi bibi akanitazama
kwa huruma, mimi, si mguu wake.
Kwenye skrini mstari umenyooka
kama uwanda usio na mbuzi hata mmoja.

"Mtoe," akasema Bilguun wa takwimu,
"ataharibu wastani."
Daktari akazungusha kalamu vidoleni.
Dulamjav hakungoja shauri letu:
alisimama kwa mguu mmoja, ukuta hakuushika,
akavuta buti la kushoto,
akabadili, akavuta la kulia,
akauliza kama chai imebaki.

Tulibishana hadi ya kwetu ikatanda utando.
Tukimtoa, bibi wa kesho, wa umri huu huu,
tutampa jina la maradhi aende nalo nyumbani.
Tukimweka, tumweke kwa namba gani?
Sifuri ni neno zito mno
kwa mtu aliyepanda ngazi orofa tatu.

Mwishowe nikaandika, chini kabisa ya jedwali,
pale pa miaka themanini na kuendelea:
*Hakuna jibu. Huenda ndio uzima.*
Bilguun akatia alama ya kuuliza kwa penseli.
Sikuifuta.

Kisha nikaenda dirishani.
Alikuwa akivuka barafu ya ua, hana haraka,
mfuko wa unga mkononi.
Katikati akasimama,
akajikuna kwa kisigino cha pili, juu ya buti,
pale pale nilipotia wino.