Tatu Kasorobo

Hospitali ya zamani ya Jomvu ilipobomolewa
mabati yalipata wenyewe, milango pia.
Harufu ya spiriti ilibaki.
Barazani watu bado hubishana
wodi ya wazazi ilikuwa hapa, au pale penye tangi.
Kwa Nesi Kadzo hawabishani: mkali.
Ukilia uchungu, "Siku ya kucheka uliniita?"
Kisha usiku anakukorogea uji kwa sukari yake.

Mizani ya watoto anayo Mwinyihaji, muuza vitunguu.
Jana niliagiza kilo tatu.
Mshale ukatetemeka, ukapanda, ukapita
pale ambapo mama, macho kayafumba,
alimsikia Kadzo akisoma kwa sauti:
"Tatu kasorobo. Huyu ataishi."

Nikamwambia Mwinyihaji,
toa kimoja.