Miligramu Tano

Saa nane usiku pikapu ya ndizi kutoka Kibosho
ilimshusha Ndelilio, amefungwa kamba ya mgomba,
kaka zake watatu wakihema kuliko yeye.
"Wameiba theluji! Nimewaona, wana magunia!"
Mlinzi akacheka. Mimi sikucheka:
mlima huo nami huutazama nikianua nguo,
nikipima weupe uliobaki.

Nikasema, fungueni.
Wakasema, sista, atakuua.
Mikono tu, nikasema. Nikaketi chini kuliko yeye,
nikamuuliza magunia yalikuwa mangapi.
"Arobaini, toa matatu yaliyotoboka,"
na kwa pumzi moja akawa tena mwalimu wa hesabu.

Kisha teke. Trei ikaruka, pamba sakafuni.

Vidonge alivitema. Basi sindano:
haloperidoli miligramu tano, promethazini pajani,
sisi wanne juu ya mtu mmoja,
tukisema pole, pole,
kama wezi wenye adabu.

Chuoni hawakutufundisha
kwamba ukimya ule nao una uzito.
Nilihesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani,
nikailinda shingo isipinde, taya lisikaze,
nikapaka mafuta kamba ilipochuna.

Alfajiri akafumbua jicho moja, ulimi mzito kama soli.
"Nani alinifunga?"
Kaka mkubwa akainama kukunja kamba,
akaikunjua, akaikunja tena.

Nikampa maji, kijiko kwa kijiko.
Kwenye faili niliandika: ametulia.
Nikakata mstari.
Nikaandika: tumemtuliza.