Ubao

Saa nane mchana kiyoyozi kilikohoa mara mbili,
kikanyamaza.
Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, wodi ya watoto,
macho yamejaa mchanga,
na chumba changu, ghorofa ya sita, Pangani,
kimekaa uso kwa uso na jua la Februari
kama watu wanaodaiana.

Nilianza na rimoti, kama mtu yeyote.
Betri nikazitoa, nikazisugua kwa leso, nikazirudisha.
Nikatazama tokeni: stima ipo.
Nikazima, nikawasha. Kikapuliza dakika kumi
hewa vuguvugu, hewa ya mdomo wa ng'ombe,
kisha kikazima tena bila kuaga.

Fundi Mbaluka yuko Athi River, kwenye stoo ya nyama,
hawezi kufika hadi Alhamisi.
"Chujio umeosha?" Nimeosha.
"Feni ya nje inazunguka?" Inazunguka.
"Usiku je?" Usiku kinafanya kazi, tena vizuri.
Akanyamaza. Nilisikia nyundo nyuma yake.
"Basi gesi ipo. Mashine haiumwi, dada. Inakosa hewa."

Neno hilo nalijua. Hulisema usiku
juu ya vifua vidogo kuliko kiganja.

"Watu hudhani kile kitu hutengeneza baridi," akasema.
"Hakuna baridi inayotengenezwa. Yule ni hamali tu,
anabeba joto la ndani mgongoni akalitue nje.
Akikuta nje hakuna pa kutua
atafanyaje? Atarudi nalo.
Toka ukaangalie."

Nikatoka roshani. Vigae vikaniunguza nyayo.
Na pale, mbele ya mashine, umesimama ubao,
plaiwudi niliyoifunga kwa waya mimi mwenyewe, Desemba,

maana Bi Nasambu wa mlango wa pili
alikuwa amepanga ukingoni mikebe saba ya sukuma wiki,
mikebe ya rangi na ya samli,
na pumzi ya mashine yangu ilikausha majani yake.
Alinigongea mara mbili. Mara ya tatu hakugonga,
aliacha jani moja mlangoni pangu,
limekunjamana kama risiti ya zamani.
Sikuomba radhi. Nilinunua ubao.
Nikajiona mwema.

Kumbe tangu siku hiyo
mashine ilikuwa ikilitema joto na kulivuta tena,
kulitema, kulivuta,
mchana kutwa ikinywa jasho lake yenyewe.
Siku za nyuzi ishirini na nne ilivumilia.
Leo ni thelathini na tatu.

Nikazima swichi kuu. Nikakata waya kwa kisu cha mkate.
Ubao ulikuwa moto kama kikaango.
Nikayamwagia mapezi ya alumini maji, ndoo mbili,
taratibu, kutoka juu,
kama unavyomwogesha mtoto mwenye homa,
na chini yakatoka matope mekundu, vumbi la barabara
ya miezi mingapi sijui.
Nikasubiri nusu saa nimeketi juu ya ndoo.

Ilipowaka sauti yake ilikuwa nene,
na upepo wa moto ukaruka moja kwa moja
hadi kwenye mikebe saba.

Sijatengeneza kitu.
Hamali amepata njia, basi,
na mzigo anautua kwa jirani.

Nikagonga kwa Bi Nasambu. Hakunikaribisha.
Nikamwambia: nipe mikebe.
Akaitazama miguu yangu isiyo na viatu,
akarudi roshani, akanipitishia mmoja mmoja juu ya ukingo
kama anayehesabu watoto wanaokwenda safari.

Sasa ipo sebuleni kwangu, dirishani, juu ya magazeti.
Mmoja una kiwavi.
Saa kumi na moja jioni huingia na kopo la maji,
anamwagilia. Hanisalimu.
Jana alivuta stuli
akakaa mbele ya kiyoyozi dakika ishirini hivi,
kitambaa amekilegeza shingoni,
akaondoka.

Mimi nilijifanya nimelala.