Fomu ya Forodha, Bandari ya Kigoma

Nimepima dagaa wa Kibirizi, nimepima mawese
dumu kwa dumu, na chumvi ya Uvinza
iliyonyeshewa njiani ikaja na uzito wa uongo.
Mizani hii naijua kama jino langu bovu.

Leo kimetua chombo kutoka Mshtarii.
Bangwe yote mvuke. Nahodha akapanda ngazi
kwa kushika ukuta,
miguu imesahau kubeba mtu.

Jina? Butoyi Ntahomvuka, wa Mwandiga.
Bidhaa? Haidrojeni.
Rangi? Haina.
Harufu? Haina.
Ladha? Akacheka. Ina baridi ya kung'oa ulimi.
Umri?
Hapo akafikiri.
Ilikuwepo kabla ya jua, akasema.

Nikamweleza kwamba vitu vya kale vina kibali chake,
na anayekitoa yuko Ujiji, na leo ni Ijumaa.

Tukalipandisha tangi, limeota barafu hadi kwenye mishikio.
Nikatoa uzito wa chuma. Kilichobaki:
magunia mawili ya dagaa, wakavu.
Miaka kumi na mmoja, magunia mawili!
Nikamwonyesha ziwa dirishani:
si ndiyo hii hii imejaa humu, mpaka Kongo?
Hata sisi wa shule ya Mwanga tulifundishwa.

Ndiyo hiyo, akasema, ila humo imeshaolewa.
Talaka yake inakula umeme wa mji mzima.
Hii ya kule haijawahi kuona mume.

Kisha, bila kuulizwa:
tuliichoma, tukanywa maji yake.
Kila kikombe kilizaliwa motoni.
Maji safi, ndugu yangu, safi mno,
hakuna samaki aliyewahi kupita ndani yake.

Akashuka gatini, akapiga magoti palipo na magamba,
akachota kwa kiganja. Akanywa. Akatema.
Akanywa tena.
Yana mafuta, akasema, na sikusikia
kama analalamika.

Aliporudi aliuliza habari za Bukuru, pacha wake.
Yupo, nikamwambia. Ana mvi.
Akanitazama kama vile ni mimi niliyempaka.

Safu ya thamani niliandika tarakimu, nikaikata.
Barafu ya tangi ilishaanza kudondokea karatasi,
wino ukatembea, ukafika kwenye jina.
Itabidi ajaze nyingine Jumatatu.