Farasi wa Karatasini

Karatasi ya Kalanzi ilitoka mashineni ingali moto,
akaishika kwa ncha za vidole kama mkate wa tanuri:
farasi mia nne na kumi na wawili.
Ndeeba nzima ilisikia. Fundi wa rejeta aliacha kulehemu,
mpika roleksi akaja na mwiko wake mkononi
kuuliza hao farasi wanalishwa nini.

Petroli, nikamjibu. Na ada ya shule.

Mimi ndiye niliyewahesabu.
Niliifunga Chaser kwa minyororo minne juu ya roli,
nikaielekezea feni kubwa puani,
ikanguruma, ikatoka jasho,
ikakimbia robo saa pasipo kumpita hata nzi wa ukutani.
Mbio za sakafuni.

Tena nakiri: kuna tarakimu iliyoongezwa.
Hewa ya huku ni nyepesi, tunaishi juu,
injini ikivuta pumzi hupata kibaba kisichojaa.
Mashine inalijua hilo, basi inasahihisha kwa adabu:
kama gari hili lingekuwa ufukweni, inasema,
lingekuwa na hawa.
Kalanzi hajafika ufukweni.
Farasi kama hamsini katika wale wanaishi Tanga,
wanakula upepo, hawana hata pasi ya kuvukia mpaka.

Jumapili tukaenda Tororo,
kwenye kiwanja cha ndege kisichotua ndege ila wenye manyoya,
na lile jabali limesimama pembeni
kama mtu aliyekaribishwa kiti akakataa.
Robo maili ilipimwa kwa kamba, ikapigwa chokaa huku na huku.
Ng'ombe waliombwa wapishe, wakafikiria kwanza.

Upande wa pili alikuwa Nyamwenge, nesi wa zamu za usiku,
na Starlet yenye rangi ya uji wa mtama.
Viti vya nyuma ameviacha kwa shangazi yake, vinakaliwa sebuleni.
Karatasi yako iko wapi? Kalanzi akamuuliza.
"Sijawahi kuipima," alisema.
"Ila najua inavyoondoka."

Kijani.

Farasi wote wakaamka kwa pamoja
wakagombea mlango mmoja.
Magurudumu yakasaga lami, moshi, mayowe, mpira unanuka,
na tabo ikangoja kama mgeni wa heshima
anayetaka kuambiwa karibu mara ya pili.
Starlet ilikwisha kwenda,
bila neno,
kama mtu aliyeitwa wodini.

Sekunde kumi na nne na nukta moja, yeye.
Kalanzi, kumi na nne na nukta sita.
Nusu sekunde: muda wa kumwambia mtu pole.

"Wandera, umeniuzia uongo," akasema,
na ile karatasi ameitoa mfukoni, anaitikisa kama hati ya shamba.
Nikamwonyesha mstari wa chini kwenye tiketi ya saa,
ule ambao hakuna anayeusoma,
kasi ya kuvukia chokaa.
Nyamwenge, mia na hamsini na saba.
Wewe, mia na themanini na mbili.
Farasi walikuwepo, ndugu yangu.
Hakuna aliyefika pale akikimbia kama wewe.
Ulifika tu wakati watu wanakunja viti.

Sikumwambia la kwangu:
nina cheti cha ufundi, daraja la kwanza, kina muhuri,
kimelala miaka kumi na moja ndani ya kopo la biskuti
chini ya kitanda cha mama, Busia,
na bado naulizwa na wateja,
wewe kijana, bosi yuko wapi?

Tulirudi usiku. Baada ya Bugiri
kioo cha mlango wa kushoto kikaanza kugonga,
tak, tak, tak, kila shimo na salamu yake.
Kalanzi aliendesha kwa mkono mmoja,
akaikunja karatasi mara mbili, mara nne,
akaishindilia kati ya kioo na mlango.

Kikanyamaza mpaka Jinja.